Karatasi ya rejea ya mhusika: vipimo vinahama, kovu linahama, rangi hazifanani. Nirekebishe wapi kwanza?

wino_wa_pwani

Habari wakuu. Nina mhusika wangu wa katuni ya kurasa 24, binti wa miaka 12 anayeitwa Mwanaidi. Mistari nachora mimi kwenye programu ya Krita, rangi anapaka mwenzangu kwa Procreate ya iPad. Kwa hiyo karatasi ya rejea (mhusika akionyeshwa kila upande, na vipimo na rangi zake) inatakiwa imtoshe yeye bila kuulizana kila ukurasa. Hali ilivyo sasa ni hii:

Turubai (eneo la kuchorea) ni pikseli 1920 × 1080, mikao mitatu (mbele, ubavuni, nyuma) na nyuso nne za hisia pembeni. Mbele Mwanaidi ana urefu wa vichwa 6, ubavuni nikipima anakaribia 6 na nusu. Kiuno cha nyuma kiko juu kuliko cha mbele. Amesukwa twende kilioni: mbele misuko ni 8, nyuma inahesabika 9, ubavuni 6. Kovu liko kwenye nyusi ya kushoto, lakini kwenye kurasa zilizopakwa rangi limehamia kulia mara mbili. Ngozi ni namba ya rangi #7A4B32 kwangu, ila faili zinazorudi zina namba nyingine, na kila ukurasa na yake.

Amejifunga kanga kiunoni juu ya gauni, begani ana mkoba wa ukili. Mjomba wake anavaa kanzu nyeupe, naye atahitaji karatasi yake.

Naomba mwongozo wa ukubwa wa turubai, mkao gani unatangulia, na jinsi ya kuandika rangi na kivuli ili mtu mwingine asikosee. Za kanga nitauliza baadaye.

---

fundi_mistari

Mkuu, anza na turubai, maana hiyo ndiyo inayokunyima vitu vingine. Kwenye kimo cha pikseli 1080, ukiacha nafasi juu na chini, kichwa cha mhusika wa vichwa 6 kinapata kama pikseli 150. Uso unabaki na upana wa 110 hivi, nyusi moja 30, na kovu lenyewe pikseli 3 au 4. Mwenzako haoni kovu, anaona uchafu wa brashi. Kuhamia kulia si ajabu.

Fungua A3 ya kulala kwa pikseli 300 kwa inchi, yaani 4961 × 3508. Mpe kichwa pikseli 350, mwili mzima utakuwa 2100. Mistari ya mlalo ichore kila baada ya 350 kuanzia utosini hadi nyayoni. Kwa upana, mbele na nyuma zipe 925 kila moja, robo tatu mbili (amegeuka nusu, moja ya mbele na moja ya nyuma) zipe 800 kila moja, ubavuni 600. Jumla 4050. Zinabaki 911, ambazo ni nafasi sita za 150 na kidogo cha ziada. Chini ya miguu unabaki na zaidi ya pikseli 1,000 za nyuso, utosi na vipande vya rangi.

Angalia kumbukumbu ya mashine. Leya (tabaka la mchoro) moja iliyojaa kwenye A3 hiyo inakula karibu MB 70, kwa hiyo leya 20 ni GB 1.4 kabla programu yenyewe haijahesabiwa. Procreate nayo hupunguza idadi ya leya unazoruhusiwa kadiri turubai inavyokua. Kompyuta ikiwa dhaifu, tumia A4 (3508 × 2480, karibu MB 35 kwa leya) na ugawe mikao kwenye faili mbili. Usipunguze kichwa.

Sasa mpangilio wa kazi. Mbele kwanza, ubavuni pili, nyuma tatu, robo tatu mwisho.

Mbele: asimame wima, mikono iachane na mwili kwa nyuzi 15 hivi. Ikibana mbavu, huoni ubavu wa gauni wala mahali kanga inapofungwa. Ikifunguka hadi 45, hatatosha kwenye 925. Ukimaliza, vuta mistari ya mlalo ya kupita turubai nzima: juu ya fuvu, kidevu, bega, kwapa, kiuno, kinena, ncha ya vidole, goti, kisigino. Ongeza ya mavazi: pindo la gauni, pindo la kanga, mdomo wa mkoba. Iweke kwenye leya yake na uifunge isiguswe.

Mstari wa juu upime kwenye fuvu, si kwenye nywele. Kwa twende kilioni tofauti ni ndogo, lakini siku Mwanaidi akifumua, nywele zitapanda karibu robo ya kichwa. Kama kipimo kilikuwa nywele, mwili wote utafupishwa ili "vichwa 6" vitimie.

Ubavuni anarefuka kwa sababu mbili za kawaida. Ya kwanza ni shingo. Wengi huichora wima kama bomba, wakati kwa kawaida inainama kwenda mbele: kidevu kinatangulia kifua, na kisogo kinakaa juu ya mgongo wa juu. Ukiinyoosha, unaongeza urefu. Ya pili ni miguu. Kwenye mkao wa mbele vidole vya miguu hushuka chini kidogo ya visigino kwa sababu tunavitazama kwa juu, na ukipima mkao mmoja hadi vidoleni na mwingine hadi kisiginoni, vipimo havitakutana. Mstari wa wayo uwe wa kisigino kwa mikao yote, vidole viruhusiwe kushuka pikseli 30 hadi 40. Na kichwa cha ubavuni usikibane: kutoka paji la uso hadi kisogoni ni karibu sawa na urefu wa kichwa chenyewe. Sikio likae nyuma ya katikati, kati ya mstari wa nyusi na wa chini ya pua.

Nyuma usiichore upya. Hapa ndipo kiuno chako kilipopotelea. Kwa mtu aliyesimama wima, mzingo wa nje wa nyuma ni ule ule wa mbele uliogeuzwa kama kwenye kioo. Nakili leya ya mbele, igeuze kwa mlalo, futa vilivyo ndani (uso, kifua, magoti), chora kisogo, mabega ya nyuma, visigino. Kiuno hakina pa kuhamia. Mkoba nao unakaa sawa wenyewe: uliokuwa kulia kwa mtazamaji unaenda kushoto, na ndivyo inavyotakiwa.

Robo tatu ndiyo ngumu, ila mistari yote ya mlalo umeshaipata. Ukimgeuza nyuzi 45, umbali kati ya ncha za mabega mawili unashuka hadi kama 0.7 ya ule wa mbele. Mabega yakiwa pikseli 500 mbele, hapo yatakuwa 350. Pima kwa rula ya programu, jicho hapo hudanganya.

---

bi_leya

Naongezea kuhusu kovu na misuko, maana hayo mawili hayatatuliwi na ukubwa peke yake.

Neno "kushoto" kwenye karatasi ya rejea halina maana mpaka useme kushoto kwa nani. Andika KUSHOTO KWAKE, kwa herufi kubwa, mshale ukigusa kovu lenyewe. Na usitengeneze mkao wa ubavu wa kulia kwa kugeuza ule wa kushoto. Kwa mhusika mwenye kovu, mkoba upande mmoja na kanga iliyofungwa fundo upande mmoja, kila ubavu ni mchoro wake.

Chanzo kikubwa cha kovu kuhama ni kugeuza turubai ili kukagua mchoro, kisha kusahau kuirudisha. Kwenye Krita kitufe cha M kinageuza unachokiona tu, picha yenyewe inabaki ilivyo. Lakini ukigeuza turubai kupitia menyu ya picha, umegeuza kweli, na ukihifadhi hapo ndiyo basi. Kinga nzuri ni ya usanifu: weka kovu na mkoba upande mmoja wa mwili. Ukurasa ukigeuka, vyote viwili vinahama pamoja na mwenzako anauona mkoba haraka, maana ni mkubwa. Kikihama kimoja tu, kovu kulia na mkoba kushoto, kosa linajitangaza lenyewe.

Misuko sasa. Twende kilioni inatoka kwenye paji la uso kwenda kisogoni, kwa hiyo inatakiwa ihesabike mbele na nyuma idadi ile ile. Amua kwanza kama ni shufwa au witiri. Misuko 8 maana yake katikati ya kichwa kuna njia, ngozi ya kichwa inaonekana kwenye mstari ule ule unaoshuka kwenye pua. Misuko 7 maana yake katikati kuna msuko wenyewe. Ukiamua 8, chora mviringo wa kichwa ukitazamwa kutoka juu, gawa paji la uso sehemu nane, vuta njia saba hadi kisogoni. Njia zisiende sambamba kama mistari ya daftari, zinapanuka pale kichwa kinapopanuka juu ya masikio na kusogeleana tena kwenye kisogo. Mchoro huo wa utosi ndio mama. Mikao yote inasoma kutoka hapo.

Ubavuni utaona misuko minne tu, ile ya upande huo. Wa chini, ulio karibu na sikio, unaonekana mnene kabisa. Wa nne, ulio karibu na njia ya katikati, unaonekana kama ukingo mwembamba juu ya kichwa, na ndio unaoufanya mzingo wa kichwa uwe na vifundo vidogo vidogo badala ya kuwa laini kama yai. Kati ya sita uliyochora ubavuni, miwili imevuka kutoka upande wa pili. Nyuma hesabu ncha nane juu ya shingo, na uandike zinaishia wapi, kwa mfano "sentimita 4 chini ya mstari wa nywele, zimefungwa kwa uzi mweusi". Msuko mmoja uchore kwa ukaribu pembeni, pikseli 300 hivi, uonyeshe pingili ngapi. Kwa mbali mchoraji ataweka mistari ya kukatisha tu, lakini ajue inatoka kwenye nini.

---

rangi_bapa

Nakuja na rangi.

Namba kubadilika kutoka faili hadi faili, kagua kwanza mambo mawili. La kwanza ni wasifu wa rangi wa turubai, yaani mfumo unaoamua namba ionekane rangi gani. Krita yako inawezekana iko kwenye sRGB ya biti 8. Kwenye iPad mpya, Procreate inaweza kufungua turubai ya Display P3, wasifu wenye rangi zilizokolea zaidi. #7A4B32 ndani ya P3 si rangi ile ile ya sRGB, inatoka imekolea kuelekea wekundu. Mwenzako aanze faili kwa sRGB tangu kuunda turubai. La pili ni njia ya kutuma. Picha ikitumwa WhatsApp kama picha inabanwa kuwa JPEG, na JPEG huhifadhi rangi kwa undani mdogo kuliko mwanga. Kingo za rangi zinachanganyikana. Akichukua rangi kwa dropa (zana ya kunyonya rangi kwenye picha) karibu na mstari anapata rangi ambayo hukuipaka. Tuma PNG kama hati. Vipande vya rangi viwe angalau 120 × 120, bila mstari mweusi wa kuvizunguka, na namba iandikwe pembeni kwa maandishi. Kanuni kwake: aandike namba, asichukue kwa dropa.

Rangi za kwenye mikao ziwe bapa kabisa. Karatasi nzuri yenye kivuli laini kila mahali inapendeza kuangalia na inampotosha mpakaji, kwa sababu hakuna sehemu hata moja ambayo rangi yake ni "rangi yenyewe". Kivuli kionyeshe kwenye mchoro mmoja mdogo wa pembeni.

Kivuli cha ngozi nyeusi kikiwekwa kwa kijivu kinaifanya ngozi ionekane ina majivu. Kiegemeze kwenye wekundu au zambarau iliyofifia. Mfano wa kufanya hesabu: leya ya modi ya Multiply (inayotia giza rangi iliyo chini yake) yenye #B59FB0, ukolezi asilimia 100. Juu ya ngozi yako #7A4B32 inatoa #572F23, kahawia nzito yenye uhai. Juu ya njano ya kanga kama #F2B81F inatoa #AC7315, nayo inakubalika. Lakini juu ya kanzu ya mjomba, tuseme #F4EFE6, leya ile ile inatoa #AD959F. Hiyo ni kanzu ya zambarau. Ngozi na vitambaa vyenye rangi nzito humeza rangi ya kivuli, nyeupe huionyesha yote. Kwa hiyo karatasi ya mjomba iwe na kivuli cha kanzu chenye namba yake, chepesi zaidi na cha kijivu kinachoegemea buluu, na uandike wazi kwamba leya ya Multiply isipite juu ya kanzu.

Kwa ngozi ya Mwanaidi weka vipande visivyopungua vitano: ya kawaida, ya kivuli, ya viganja na nyayo (nyepesi zaidi, inaanza ubavuni mwa vidole), ya midomo, ya kucha. Viganja husahauliwa mno, na mhusika akipunga mkono kwenye fremu anaonekana amevaa glavu. Nyeupe ya macho isiwe #FFFFFF, jaribu #F2EBDD. Nywele zisiwe #000000, maana mistari yako ni myeusi na njia zote za misuko zitamezwa. #2A2224 inatosha kuonekana nyeusi na bado mstari unasomeka juu yake. Vivyo hivyo ukija kuchora vazi la buibui.

Mandhari ya karatasi isiwe nyeupe. Kanzu itapotea. Weka kijivu chepesi, #C8C8C8 hivi.

Kabla hujafunga rangi, weka juu ya kila kitu leya iliyojaa nyeusi, modi ya Color. Picha inakuwa kijivu. Kama gauni, kanga na ngozi vimegeuka kijivu kimoja, basi kwa mbali Mwanaidi atakuwa bonge moja. Badilisha mwanga wa kimojawapo, si aina ya rangi.

Jambo dogo la ndoo ya rangi: mistari yenye kingo laini huacha ukingo mwepesi kati ya mstari na rangi. Kwenye mpangilio wa ndoo ongeza eneo lijazwalo kwa pikseli 2, rangi iingie chini ya mstari.

---

mzee_wa_fremu

Nitofautiane kidogo na fundi_mistari. Mikao mitano ni ya katuni za kusogea, ambako mhusika anageuka mbele ya macho ya mtazamaji. Katuni ya kurasa 24 inahitaji minne: mbele, robo tatu mbele, ubavuni, nyuma. Robo tatu ya nyuma ni siku nzima ya kazi kwa fremu mbili tatu za kitabu. Siku hiyo ipeleke kwenye mikono na nyuso, huko ndiko wahusika wanakobadilika sura.

Mikono: ngumi, kiganja wazi, kushika kamba ya mkoba, kunyoosha kidole. Kipimo cha kiganja na vidole vyake ni kidevu hadi mwanzo wa nywele. Mkono ukizidi hapo mtoto anakuwa fundi seremala.

Nyuso nne hazitoshi, ila usiongeze kwa kutaja hisia tu. Furaha, hasira, huzuni, mshangao, kila mtu anazo hizo. Kinachomsaidia mpakaji, na wewe mwenyewe ukifika ukurasa wa 19, ni kuona jinsi huyu anavyokasirika: nyusi yenye kovu inapanda au haipandi? Meno yanaonekana? Akicheka macho yanafumba? Chora kichwa kwa pikseli 500 au zaidi, nyuso nane, mbili kati yake kwa robo tatu na moja akitazama chini. Anapotazama chini ndipo uso huharibika haraka, kwa sababu utosi unachukua nafasi na watu hawana misuko ya kuweka pale. Mchoro wa utosi wa bi_leya unakuokoa hapo.

Usisahau mpangilio wa vimo: wahusika wote wamesimama kwenye mstari mmoja wa ardhi, kipimo kimoja. Mwanaidi ni 2100 kwenye karatasi yake, mjomba naye akiwa 2100 kwenye yake, mpakaji au mchoraji msaidizi atawaweka bega kwa bega. Mpange mjomba kwa sentimita. Mwanaidi tuseme ni sentimita 150, basi pikseli 14 ni sentimita moja. Mjomba wa sentimita 175 ni pikseli 2450.

Na ukiwa na nia ya kumsogeza siku moja na kumpa sauti, maumbo ya mdomo ya Kiswahili ni machache kuliko karatasi nyingi za kigeni zinavyoonyesha. Irabu zetu ni tano na hazibadiliki: a, e, i, o, u. Ongeza mdomo uliofungwa wa m, b, p, meno juu ya mdomo wa chini wa f na v, na ulimi kati ya meno wa th na dh. Maumbo manane yanabeba karibu kila sentensi. Konsonanti nyingine zinapita ndani ya umbo la irabu inayofuata.

---

fundi_mistari

Kwa kitabu nakubali, minne inatosha. Mpangilio wa nafasi za 150 ubaki, ile sehemu ya 800 iliyoachwa wazi ijazwe na mikono.

---

wino_wa_pwani

Shukrani sana wakuu. Nimeshafungua A3, nimeweka mistari ya mlalo, na mzingo wa mbele nimeugeuza kuwa wa nyuma. Kweli kiuno kimekaa. bi_leya, nimehesabu tena: msuko wa tisa wa nyuma ulikuwa njia niliyoipaka nyeusi.

Sasa kanga. Ina maua, ina pindo na jina. Nikiichora upya kila mkao, maua yanabadilika ukubwa. Nikiibandika, inaonekana kama karatasi iliyogundishwa mwilini. Na jina linatoka limegeuka kwenye mkao wa nyuma. Mnafanyaje?

---

bi_leya

Kanga iwe na karatasi yake, imetandazwa bapa, kwa kipimo kile kile cha mwili. Kanga moja ni karibu mita moja na nusu kwa mita moja. Kwa pikseli 14 kwa sentimita unapata 2100 × 1400, yaani urefu wa kanga unalingana na kimo cha Mwanaidi mwenyewe. Chora pindo kuzunguka pande nne, mji katikati, jina juu kidogo ya pindo refu la chini, herufi kubwa, likae katikati. Tumia fonti nene ya kawaida badala ya mkono, ili herufi zisibadilike kila siku. Tuseme HABA NA HABA HUJAZA KIBABA. Ukiwa kwenye Krita, ua moja liweke kwenye leya na mengine yawe leya za kunakili zinazofuata ile ya kwanza. Ukirekebisha petali moja, yote yanafuata.

Kabla ya kuibandika, fikiria inavyofungwa. Kiuno chake kiko kama pikseli 1280 juu ya ardhi, na kanga ina kimo cha 1400. Akiifunga bila kukunja, inaburuzika. Kwa hiyo juu inakunjwa, tuseme pikseli 350, kichwa kimoja. Pindo la chini linaangukia 1050 chini ya kiuno, chini kidogo ya katikati ya muundi. Hicho ndicho kimo cha ule mstari wa "pindo la kanga" kwenye mikao yote. Kilichokunjwa ni sehemu ya juu, basi pindo la juu halionekani kamwe. Nimeona karatasi nyingi zikionyesha mapindo yote mawili, juu na chini, kama sketi ya dukani, na mtu aliyezoea kanga anaona kasoro kabla hajajua ni nini.

Kwa upana, sentimita 150 zinamzunguka binti wa umri huo karibu mara mbili. Kinachoonekana ni mzunguko wa nje tu, chini ya nusu ya maua uliyochora ndiyo yanayoonekana kwa mkao mmoja. Amua ncha ya nje inaishia nyonga ipi. Kwenye ncha hiyo pindo fupi linashuka wima kutoka kiunoni hadi chini, na upande ule tu. Andika KUSHOTO KWAKE tena, hata kama inachosha.

Kuibandika: paka kwanza umbo zima la kanga kwa rangi ya mji, bapa. Chora mistari ya mikunjo. Halafu nakili kipande cha kanga bapa, kibane juu ya umbo hilo kisitoke nje, na ukikate vipande kwenye kila mkunjo. Kila kipande kipinde peke yake kwa zana ya kupinda (Krita na Procreate zote zinayo). Vipande visikutane vizuri kwenye mkunjo. Ua liingie ndani ya mkunjo nusu, na upande wa pili litokee mbele kidogo, kama pikseli 40 zimemezwa. Kuigundisha bila kuikata ndiko kulikoifanya ionekane karatasi.

Jina lisigeuzwe pamoja na mzingo. Ulipogeuza mzingo wa mbele ulinakili na herufi. Zifute pale, ubandike upya kutoka kanga bapa. Mbele yasomeke maneno mawili au matatu tu, mengine yamezunguka. HUJAZA KIB ikikatika kwenye nyonga ni sawa kabisa, ndivyo inavyoonekana mtaani.

---

mzee_wa_fremu

Weka na ngazi za undani pembeni ya kanga, mwenzako asije akabandika maua 60 kwenye fremu ya kimo cha kidole. Kichwa kikiwa zaidi ya pikseli 600 kwenye ukurasa, kanga kamili na jina. Kati ya 200 na 600, maua yawe madoa ya rangi mbili, pindo mistari miwili, jina libaki tu kama linasomeka. Chini ya 200, rangi ya mji na ukanda wa pindo, basi. Jina lisilosomeka liondolewe, usiweke vikwaruzo vya kuigiza herufi.

---

rangi_bapa

Kwenye kona ya chini kulia andika namba ya toleo na tarehe, ndani ya picha yenyewe, si kwenye jina la faili pekee. Ukibadilisha hata kipande kimoja cha rangi, toleo linapanda na lile la zamani linafutwa kwenye tableti ya mwenzako. Kisha mpe jaribio moja kabla ya ukurasa wa kwanza: amchore na kumpaka Mwanaidi amechuchumaa, ametupa mgongo, anafungua mkoba, akiwa na karatasi tu. Kila swali atakalokuuliza liandikie jibu kwenye toleo linalofuata.